Shavu la Kuazima

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Brashi amelala chali, macho yamezibwa, na pamba mbichi inashuka shavuni. Najua mmeninunia wiki nzima kwa kuwaachia pamba hewani. Haya, inatua sasa hivi.

Kwa aliyechelewa, asogee nimnong'oneze upesi. Brashi na Sindano ni mapacha wa kike, sura moja kama sahani mbili za seti moja. Sindano ni fundi cherehani, ndiye mkubwa, na alizaliwa na baka jekundu lililoanzia chini ya jicho la kushoto likamwagikia mpaka kwenye taya. Brashi anachora mabango ya maduka. Yeye alizaliwa na shavu tupu.

Sindano amechumbiwa na Dereva wa malori ya masafa marefu. Shangazi yake Dereva, aliyemlea tangu anyonye chupa, akaweka sharti: baka lianze kutolewa kwa leza, ile mashine ya mwanga, ama harusi hakuna. Na Sindano hawezi kulazwa chini ya mashine hiyo, kwa sababu ana mimba, na mimba haijulikani na mtu ila pacha wake.

Basi Brashi akatoa makopo yake ya rangi, akajichora baka la dada yake, akaja mahali pake. Walidhani siku ya kwanza ni ya kupimwa na kupigwa picha tu. Harusi ingepita, na mengine yangejulikana ndani ya ndoa. Kumbe Shangazi alishaelewana na Daktari kwamba kazi inaanza leo.

Na Shangazi mwenyewe yumo humo chumbani, kwenye kiti cha kona, amevalishwa miwani mikubwa ya kujikinga.

"Tulia, dada," Nesi akasema. "Nafuta tu uso."

"Hilo shavu linauma," Brashi akasema.

"Linaumaje na sijaligusa?"

"Linauma likiwa linangoja."

Kona ikacheka. "Ana haya huyo mkwe wangu. Futa, mwanangu. Futa vizuri mpaka nyuma ya sikio."

Pamba ikatua. Baridi ikamwingia Brashi mpaka kwenye kucha za miguu. Ikazunguka, ikasugua, ikarudi, ikasugua tena. Alikaza vidole kwenye shuka akingoja kusikia, "Hee, mama, hebu njoo uone."

"Safi kabisa," Nesi akasema, akaitupa pamba.

Nyeupe kama ilivyokuja.

Brashi alitaka kucheka. Angejuaje Nesi kwamba rangi ile haikuwa ya dukani kwa wasusi? Brashi aliichanganya mwenyewe. Ni ndugu ya rangi iliyoandika "Mitungi ya Gesi Hapa" kwenye ukuta wa jirani, ikapigwa na mvua na jua mwaka mzima, isipoteze hata nukta. Pamba na maji? Labda angeleta msasa.

"Maswali machache," Nesi akaendelea. "Una kisukari?"

"Sina."

"Kidonda kikipona huwa kinaacha kovu lililovimba?"

"Hapana."

"Una ujauzito?"

Raha ya kuponea pamba ilikuwa bado imemkaa kooni. Brashi akacheka. "Mimi? Mimba ningeitoa wapi?"

Kiti cha kona kikalia. Kililia mara moja tu, kama mtu aliyeinua kiuno kidogo akakaa tena.

Kishikeni kiti hicho, msikiachie.

* * *

Daktari aliingia kwa hatua za haraka. Brashi alisikia mlango unafungwa, kisha komeo.

"Komeo la nini?" akauliza.

"Nje nimewasha taa nyekundu," Daktari akasema. Alikuwa mwanamke, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa kurudia. "Ikiwaka, haingii mtu wala hatoki mtu. Mwanga huu ukiyaingia macho yasiyo na miwani, yanaharibika. Ndiyo maana dirisha nimelifunika kwa pazia nene, na kioo kile nimekigeuza kitazame ukuta. Na ndiyo maana macho yako yamezibwa. Usivitoe hivyo vifuniko mpaka nikwambie."

"Na nikitaka kwenda msalani?"

"Umetoka huko sasa hivi," Shangazi akasema.

Mashine ikaanza kuvuma kichwani pa kitanda. Hewa ya baridi kutoka kwenye bomba ikampitia usoni.

"Nieleze tena, Daktari," Shangazi akasema. "Mara ya kwanza nilielewa nusu."

"Ni hivi, mama. Baka la mkweo ni mishipa midogo ya damu iliyozaliwa mipana kuliko kawaida. Huu mwanga una uchu wa wekundu. Unapita juu ya ngozi bila kuidhuru, unaitafuta ile damu ndani, unaichemsha mishipa, mishipa inanywea. Si siku moja. Atarudi mara nyingi, na kila akirudi baka linapauka kidogo. Leo nampiga pigo moja tu, dogo, hapa kwenye taya. Halafu tunangoja wiki kadhaa tuone ngozi imesemaje. Ngozi zetu nyeusi haziendewi kwa pupa."

"Pigo moja tu?" Brashi akauliza.

"Moja. Utahisi kama mpira mwembamba umevutwa ukakuchapa."

Brashi akavuta pumzi. Pigo moja. Mpira. Utotoni alichapwa na vikubwa zaidi. Atachapwa, atainuka, atasema asante, ataondoka. Dada yake atasalimika. Mbona mambo yameanza kunyooka?

Kitu kigumu na baridi kikambana shavuni.

"Nini hicho?"

"Kioo kidogo tu. Nalibana baka lako nione linavyopauka."

Kioo kikainuka, kikabana tena, kwa nguvu zaidi.

"Nesi," Daktari akaita. "Sogeza hiyo taa."

Taa ikasogezwa. Joto lake likamgusa Brashi kidevuni.

"Baka la namna hii ukilibana, damu inakimbia, panapauka," Daktari akasema polepole. "Ukiachia, wekundu unarudi. Hili nimelibana, nimeliachia. Halijali."

"Labda limezoea," Nesi akasema.

"Damu haizoei, Nesi."

Brashi akaligeuza shavu upande wa mto.

"Dada, nisikilize," Daktari akasema, na sasa sauti ilikuwa karibu sana. "Nimekwambia mwanga huu una uchu wa rangi. Hauchagui rangi ya nani. Ukikuta rangi imepakwa juu ya ngozi, hauendi ndani tena, unaishia hapohapo juu. Panaungua. Na panapoungua pataacha kovu, na mimi sina mashine ya kuliondoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Umepaka kitu usoni? Poda, dawa, rangi, chochote?"

Sasa, wasomaji wangu, mwoneni Brashi wetu. Angeitumia rangi ya kawaida, pamba ingemfichua mapema, akaaibika, yakaisha. Lakini yeye ni fundi. Alitengeneza baka lisilofutika, na sasa ndilo linalomng'ang'ania. Akisema ndiyo, Shangazi yuko pale kwenye kiti, sharti limevunjwa, harusi imekufa, na swali litakalofuata ni kwa nini dada yako hakuja mwenyewe. Akisema hapana, shavu ni lake, na komeo limeshafungwa.

"Umepaka?"

"Hapana," Brashi akasema.

* * *

"Mashine bado inajipasha," Daktari akasema baada ya muda. Hakuridhika, mlisikia sauti yake. "Mama, unaweza kusogea umshike mkono. Miwani usiivue."

Kiti kikalia. Nyayo zikaja. Mkono mpana, mkavu, wenye harufu ya sabuni ya kufulia, ukauchukua mkono wa Brashi.

"Umelowa jasho, mkwe wangu."

"Ni baridi hii, Shangazi."

"Baridi siku hizi inatoa jasho. Dunia imegeuka." Akaupapasa mkono. "Basi ngoja nikusahaulishe. Juzi ulivyokuja kwangu uliondoka na deni la kitendawili. Ukasema utakwenda kukifikiria."

Brashi akaduwaa chini ya vifuniko. Sindano alikuwa amemsimulia ziara ile yote: viti walivyokalia, chai ilivyokuwa ya moto, mpaka paka aliyelala kwenye viatu. Kitendawili hakukitaja.

"Nilikuwa nakifikiria," akasema.

"Nilijua. Umepata jibu?"

"Nikumbushe kilivyoanza."

"Nyumba nimeijenga mwenyewe, bila udongo wala miti. Nilipoingia, mlango ukatoweka."

Nyumba isiyo na mlango. Hicho Brashi alikijua tangu hajang'oka meno ya utotoni. Roho ikamtulia.

"Yai, Shangazi."

"Yai?" Mkono mkavu haukuachia. "Yai linajengwa na kuku. Kifaranga alijenga nini? Yeye alijikuta tu mle."

"Basi nimeshindwa. Nipe jibu."

Shangazi akainama. Ukingo wa ile miwani mikubwa ukamgusa Brashi kwenye paji la uso, na maneno yakamwingia sikioni, madogo kama ya mtu anayesali.

"Jibu ni uongo, mwanangu. Na hicho kitendawili nimekitunga nikiwa nimekaa kwenye kile kiti. Juzi sikumtegea mkwe wangu kitendawili chochote. Wewe ni Brashi."

Mashine ikatoa mlio mwembamba.

"Tayari," Daktari akasema.

"Usitikisike," Shangazi akaendelea kunong'ona. "Yule bibi amesema rangi inaungua. Nimesikia, na wewe umesikia. Sitasema mimi. Sema wewe. Mwambie avue hiyo miwani, afungue mlango, halafu unieleze mimi kwa nini mwenzako hakuja."

"Mama, rudi nyuma kidogo," Daktari akasema.

"Narudi."

Hakurudi. Mkono ulikuwa palepale.

Brashi alilala kwenye giza lake. Mlango umefungwa kwa komeo. Dirisha limefungwa kwa pazia. Macho yamefungwa kwa vifuniko, na mkono umefungwa kwa mkono. Kilichobaki wazi ni mdomo, na ndio pekee asioweza kuutumia.

Akamkumbuka Sindano wa darasa la pili, ambaye watoto walimwita Chai, wakisema mama yake alimmwagia kikombe. Siku moja Brashi aliiba wino mwekundu mezani kwa mwalimu, akajipaka shavu zima, akaingia darasani akakaa karibu na dada yake. Chai mbili. Watoto wakashindwa kujua wamcheke nani, wakaacha. Mwalimu hakushindwa, aliwachapa wote wawili, na Sindano alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani huku anasugua makalio. Lile ndilo bango la kwanza Brashi kulichora maishani.

Leo ni la mwisho, labda.

"Dada, nauliza mara ya mwisho," Daktari akasema. "Hakuna kitu ulichopaka?"

"Hakuna. Nipige."

Nesi akasogea. Hewa ya baridi ikaelekezwa kwenye taya. Ncha ya mashine ikashuka karibu na ngozi, na Brashi alisikia kiatu cha Daktari kinatafuta kanyagio sakafuni, kikalipata.

Kitu kikampiga shavuni. Kizito, kikavu, kipana.

Halafu kikasikika kimlio kama cha kijiti kinachokatika.

"Alaa," Shangazi akasema. "Kumbe kweli ni kama mpira."

Kilichokuwa shavuni pa Brashi ni kiganja cha Shangazi. Lile pigo alilimeza kwa mgongo wa mkono wake mwenyewe.

* * *

Daktari alizima mashine kwa hasira ambayo hata mwenye macho yaliyozibwa aliiona.

"Mama, una wazimu? Hii si kazi ya kuingiza mikono."

"Nisamehe, mwanangu. Nimeona inzi."

"Chumba hiki hakina inzi."

"Basi ni miwani yako inaonyesha inzi. Tupe nafasi kidogo mimi na huyu. Tuna maneno ya kifamilia. Ukirudi utamkuta amekumbuka alichopaka."

Daktari akavuta komeo. Kabla hajatoka akaacha neno moja pale mlangoni. "Nilijua. Damu haizoei." Kisha akamwita Nesi watafute dawa ya kutuliza mkono wa mtu mkaidi.

Mlango ukarudishwa. Safari hii bila komeo.

Brashi akavitoa vifuniko. Akamwona Shangazi kwa mara ya kwanza tangu alale: mwanamke mnene, miwani imepandishwa juu ya kitambaa, anaupuliza mkono wake. Juu ya ngozi palikuwa na kiduara cha kijivu kinachoanza kuwa cheusi.

"Umekubali kuungua," Shangazi akasema. "Nilidhani utalia useme. Nikasema, ngoja nimtishe mpaka dakika ya mwisho. Dakika ya mwisho ikafika, na mtoto anasema nipige. Mna vichwa vya namna gani nyinyi?"

"Ulinijua tangu lini?"

"Tangu ulipocheka. Ulipoulizwa una mimba ukacheka. Mkwe wangu asingecheka."

Brashi akakaa kitandani.

"Juzi nilikuwa nakaanga vitunguu," Shangazi akaendelea. "Msichana wa watu akaniaga katikati ya sentensi, akakimbilia uani. Akarudi anafuta mdomo, anasema ni joto. Joto lina harufu ya vitunguu? Nimezaa, nimezalisha majirani, na macho ninayo. Nikasema, vizuri, nitamleta kwa Daktari. Pale ataulizwa, hawezi kukubali mwanga umchome mtoto, atasema mwenyewe. Nami nitamwambia, basi baka likae, twende nyumbani. Hilo tu nililitaka. Anieleze kwa mdomo wake. Badala yake ameniletea picha yake ya kuchora."

"Kwa hiyo baka hulijali?"

"Nilikuwa nalijali." Shangazi akatazama pembeni, kwenye kile kioo kilichogeuzwa. "Nilisema picha za harusi zinakaa ukutani miaka, na wageni wana midomo. Mimi ndiye niliyesema, sikatai. Lakini mjukuu akija hatatazama ukuta." Akageuka. "Sasa nijibu wewe, kwa sababu mwenzako ameogopa. Mimba najua ipo. Ninachouliza ni cha pili. Mwanangu ameondoka na mvua za kwanza, na sasa mashamba yote yamekauka. Hajarudi. Na kichefuchefu ni cha juzi. Mimba ya nani?"

Brashi alilishukuru lile swali. Hili jibu alikuwa nalo. Sindano alikuwa amempa.

"Ni ya mwanao, Shangazi. Alipita."

"Alipita wapi?"

"Nyumbani kwa dada. Usiku mmoja. Lori liliharibika njiani, wakati linatengenezwa akapanda gari la watu akaja, alfajiri akarudi. Alimkataza Sindano asiseme, kwa sababu ungejua alifika mjini asikuamkie ungemnunia mwaka mzima."

Shangazi akamtazama. Akamtazama sana. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Mwaka? Ningemnunia miwili," akasema, akacheka, akajifuta macho kwa ule mkono mzima. "Mshenzi yule. Amepita mlangoni kwangu kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo nitakuwa bibi."

"Utakuwa bibi."

"Na mimi hapa nimeshaanza kufikiria mabaya ya mtoto wa watu. Mungu anisamehe. Nenda ukamwambie dada yako aje kwangu kesho, vitunguu sikaangi." Akamshika Brashi shavu, akalikwangua kwa ukucha. "Na hili ulitoe kabla hatujawa na wakwe wawili."

"Halitoki, Shangazi. Labda baada ya wiki, na mafuta mengi."

"Wiki?"

"Nilitaka lisifutike."

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipogongwa. Nesi akachungulia. "Mama, kuna kaka hapa nje anawaulizia. Amekuja na vumbi lake lote. Anasema ameshuka kwenye lori sasa hivi, jirani yenu ndiye aliyemwelekeza huku."

Shangazi akashika moyo. "Mwanangu." Halafu uso ukamgeuka, ukawa wa mtoto mtundu. "Lala," akamnong'oneza Brashi. "Upesi. Ziba macho."

"Shangazi, jamani."

"Lala, nimesema. Kila siku ananiambia kwenye simu kwamba mchumba wake atamtambua hata gizani. Tumtanie kidogo. Aliniruka usiku ule, leo zamu yangu."

Brashi akalala. Nani angekataa, baada ya yote yale? Akavirudisha vifuniko, akanyoosha miguu, akaubana mdomo usicheke. Shangazi akakaa upande wa miguuni, akamwekea mkono juu ya kifundo, mkono ambao sasa ulikuwa mwepesi kama wa mama mzazi.

Mlango ukafunguliwa. Harufu ya dizeli na jua ikaingia chumbani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shhh. Mgonjwa amepumzika."

Magoti yakagonga sakafu kando ya kitanda. Mkono mgumu wa usukani ukauchukua mkono wa Brashi, ukaubeba juu, ukauweka kwenye kidevu chenye ndevu za safari.

"Sindano," Dereva akasema. "Nani alikwambia ulitoe? Mimi uso huu ndio ninaofunga nao macho kule porini. Nimeendesha usiku kucha niwahi nikukataze."

Kicheko alichokuwa amekibana Brashi kilikuwa kimeyeyuka chenyewe. Kwa mara ya kwanza aliona aibu ya kulivaa shavu lisilo lake.

"Nisamehe, mpenzi," Dereva akaendelea. "Tangu niondoke na ile mvua, leo ndiyo mara ya kwanza nakutia machoni."

Mkono wa kifundoni ukaacha kuwa mwepesi.

"Mara ya kwanza?" Shangazi akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini.

"Ya kwanza, Shangazi. Mipaka imefungwa, inafunguliwa, mizigo inangoja. Hata tairi sijalileta mjini."

"Hata usiku mmoja? Labda lori liliharibika, ukapitia mara moja."

Dereva akacheka, kicheko cheupe kisicho na kona. "Nifike mjini nisikuamkie wewe? Kichapo chako ningekiweza wapi?"

Hakuna aliyecheka naye.

Brashi, chini ya vifuniko, alimwona dada yake waziwazi kuliko alivyowahi kumwona. Alimwona siku ile ameinamia cherehani, anamsimulia habari ya lori na alfajiri, bila kuinua macho kwenye kitambaa. Alidhani ni haya.

Vidole vitano vikamkaza kifundoni. Vilikaza mpaka mfupa ukaumia, na sauti ya Shangazi ilipotoka ilikuwa tamu, tamu kabisa, kama alivyokuwa anamtuliza mtu anayeogopa mashine.

"Vuta kiti ukae, mwanangu," akasema. "Mchumba wako ana kitendawili cha kukutegea."